Dagaa wa Mwezi wa Sita

Simu iliita mara mbili, ikakata, kisha ikaita tena.

Asmus Lütjohann aliinyanyua bila kutamka neno. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni.

"Shangazi amepoteza miwani," sauti ilisema.

"Kiasi gani?"

"Kilo kumi na mbili. Tangu Ijumaa."

"Na mnaniambia leo?"

"Na mimi nimeambiwa leo. Ipatikane kabla ya saa sita mchana, Asmus. Na usiharibu karamu."

Simu ikakatwa.

Miwani ilikuwa baruti ya torpedo. Shangazi alikuwa ghala la jeshi la wanamaji. Na mwenye sauti alikuwa Kamanda Tiedemann, mkuu wa ofisi isiyokuwa na kibao mlangoni, ambaye hakuwahi kumpigia mtu Jumapili ila kumeharibika.

Ilikuwa Jumapili, tarehe ishirini na nane Juni, mwaka 1914. Saa tatu na robo asubuhi, mjini Kiel.

Karamu ilikuwa wiki ya mashindano ya mashua. Manowari za Kiingereza zilikuwa zimetia nanga bandarini kwetu, ubavu kwa ubavu na za kwetu, zimepambwa bendera kutoka omo hadi tezi. Maafisa walikuwa wakigongesha glasi. Wafalme wa pande zote mbili ni watu wa ukoo mmoja, bibi mmoja, na kila mmoja wao alikuwa anamtabasamia binamu yake huku akipima kwa jicho unene wa chuma cha meli zake. Wenye akili timamu mjini walitazama tamasha lile wakageuza nyuso.

Asmus alikuwa mmoja wao. Mwaka 1905 alipelekwa Kilwa na manowari, baharia wa miaka ishirini na miwili, kwenda kulinda himaya. Alikuta mashamba yamechomwa makusudi na watoto wenye matumbo ya njaa. Hakuwahi kumsimulia mama yake. Tangu hapo, mtu akitamka neno himaya mbele yake, alivaa kofia akaondoka.

Alibaki kazini kwa sababu moja tu. Mdogo wake, Klaas, alikuwa fundi mitambo kwenye nyambizi. Vita ikianza, nyambizi ndizo zingetangulia. Kwa hiyo kila vita ambayo Asmus aliizuia isianze, kwake ilikuwa mwaka mmoja zaidi wa Klaas.

Alifunika simu kwa kitambaa. Mama yake alitaka iwe hivyo, kama kasuku, isije ikasikiliza mambo ya nyumbani.

Mama mwenyewe, Bibi Wiebke, alikuwa mezani na gazeti na miwani ya kweli puani. Mikono yake ilikuwa ya kahawia kwa moshi wa miaka arobaini. Alikuwa mkausha dagaa wa Ellerbek, na aliendelea kujiita hivyo ingawa kiwanda cha meli cha serikali kilishaimeza Ellerbek yote na kuwahamishia wavuvi Wellingdorf kama mizigo.

"Hebu sikiliza upuuzi huu," alisema. "'Umoja wa Wazalendo wa Bahari, chini ya mwenyekiti wake, Mheshimiwa Egon von Rathlau, leo saa nne asubuhi utawapelekea wageni wetu wa manowari Penrith kreti sitini za dagaa wa Kiel, waliotoka moshini jana.'"

Akacheka mpaka akakohoa.

"Waliotoka moshini jana! Wamewavua wapi, kwenye beseni la kuogea?"

Asmus alisimama, mkono mmoja ndani ya koti.

"Rudia, mama."

"Nirudie nini? Umezaliwa kwenye banda la moshi, halafu nikufundishe? Dagaa wanakuja na baridi. Novemba mpaka Machi, basi. Sasa hivi wako huko mbali wanataga, na hata ukiwapata hawana mafuta. Mtu akikuuzia dagaa mwezi wa sita, mpige na kreti lake."

"Labda ni wale wa Machi."

"Basi wananuka mpaka Denmark."

Rathlau. Mkurugenzi wa kiwanda cha mizinga cha Wendelstein. Mtu wa Berlin, mwenye kucha safi, anayekula meza moja na wakubwa. Alijua bei ya kila meli duniani, ila hakujua dagaa anavuliwa lini. Nani katika nyumba yake angemwambia? Dagaa kwake ni kitu kinacholetwa kwenye sahani.

Lakini kreti sitini lazima zijazwe kitu.

"Klaas yuko wapi?" Asmus aliuliza.

"Katoka saa mbili. Si anapigana ngumi leo na yule Mwingereza mtia makaa? Huko huko kwenye meli yao."

"Meli gani?"

"Hiyo hiyo Penrith. Mbona umebadilika rangi?"

Asmus alikagua bastola yake aina ya Mauser, akaisokomeza kwapani. Kisha akachukua kisu kidogo cha kupasulia samaki juu ya meza.

"Hicho ni changu," mama alisema. "Ukirudishe."

"Nitakirudisha."

Pikipiki ya NSU iliwaka kwa teke la kwanza.

Alizunguka hori la bahari kupitia Gaarden, kofia mfukoni, upepo ukimtoa machozi. Alipita kanisa likitoa watu. Alipita bendi ya shaba. Polisi mmoja alipiga filimbi na Asmus alimpungia mkono.

Saa nne na dakika ishirini alifika gatini.

Amechelewa.

Alitoa darubini ya Zeiss. Kule majini, motaboti yenye maua ilikuwa imeshafika ubavuni mwa Penrith. Kreti za mwisho zilikuwa zinapandishwa kwa kamba. Juu ya sitaha mabaharia wa Kiingereza na wa Kijerumani walikuwa wamezunguka ulingo, na katikati mwanamume mwenye nywele nyeupe kama kitani alikuwa akiruka-ruka akijipasha moto.

Klaas.

Asmus alishusha darubini. Hatua kumi kutoka pale alisimama mtu aliyevaa koti la mvuvi, jipya, lenye mikunjo ya dukani. Alikuwa anatazama kule kule, na mkononi ana saa.

Bruno Kessel. Sajenti wa mizinga aliyefukuzwa jeshini kwa kumvunja mbavu askari wake. Sasa alikuwa analishwa na Wendelstein.

Macho yao yakakutana.

Kessel akakimbia.

Asmus alimfuata kati ya mabanda ya samaki, juu ya nyavu, chini ya chanja za kukaushia samaki. Kessel alikata kona, akaingia banda la mwisho, akageuka na bastola ya Browning mkononi. Risasi ya kwanza ilipasua ubao wa mlango. Ya pili haikutoka. Asmus alikuwa ameshaokota kreti tupu miguuni, na aliirusha kwa nguvu zote za mtu aliyelelewa akibeba kreti. Ilimpata Kessel usoni, akaanguka amezimia.

Mama alikuwa ameshashauri.

Mfukoni mwa Kessel mlikuwa na karatasi moja. Mchoro wa Penrith, chumba kwa chumba. Stoo ya chakula ilikuwa na msalaba mwekundu, na ukuta wake wa nyuma ulikuwa pia ukuta wa ghala la makombora ya mizinga. Chini ya msalaba paliandikwa saa tano na nusu.

Alimwacha Kessel mikononi mwa mlinzi wa bandari, akashika simu ya ofisi yao.

"Kamanda. Miwani imepatikana. Mgeni ameivaa."

"Mgeni yupi?"

"Penrith. Saa tano na nusu. Waambie Waingereza washuke melini."

"Nikiwaambia wataniuliza kwa nini." Tiedemann alikuwa anahema. "Baruti yetu, alama yetu, bandari yetu. Jioni London itadai majibu, na Berlin itajibu kwa jeuri. Unapata vita ile ile, tofauti ni kwamba haikupiga kelele."

"Kuna watu mia nne mle. Klaas yumo."

"Basi itoe. Lakini Mwingereza asijue hata mmoja."

"Na Rathlau?"

"Usimguse Rathlau."

Asmus alibamiza simu. Saa tano kasoro robo.

Dakika kumi na tano baadaye alipanda ngazi ya Penrith akiwa na kofia ya afisa afya wa bandari na kitambulisho ambacho wino wake ulikauka mwaka jana. Kilikuwa kimoja kati ya saba alivyokuwa navyo. Kiingereza alijifunza melini, na kilikuwa kibovu kiasi cha kuaminika.

Harufu ilimpokea kabla ya mtu.

Luteni Pelham, kijana mrefu mwenye masikio mekundu, alimpokea akiwa na leso puani.

"Afya ya bandari," Asmus alisema. "Nimekuja kuomba radhi, bwana. Kuna kosa. Dagaa ni wabovu."

"Kwa kweli tulikuwa tunajiuliza," Pelham alisema kwa upole mkubwa. "Tulidhani pengine ndivyo mnavyowala."

"Mmewatupa?"

"Haiwezekani. Tuna amri tusiwavunjie heshima wenyeji. Tumewaweka stoo, kwa shukrani."

Asmus alikaribia kucheka. Adabu ya Waingereza ingewaua wote.

Nyuma yake sitaha ililipuka kwa kelele. Raundi ya pili. Asmus hakugeuka.

Stoo ilikuwa chini, kando ya mitambo, na joto lake lilikuwa la tanuri. Kreti sitini zilipangwa mpaka darini. Dagaa wa Machi, mabaki ya maghala, walionunuliwa kwa mkupuo na mtu asiyejua anachonunua. Mafuta yao yalikuwa yamegeuka, na harufu ilikaa ulimini kama ladha ya chuma. Mpishi wa meli, mnene aitwaye Dobbs, alisimama mlangoni akilalamika bila kupumua.

"Miaka ishirini baharini, mheshimiwa. Nimepika nyama yenye funza. Hii sijaiona."

Saa tano na dakika nane.

Kreti zote zilifanana. Mhuri mmoja, ubao mmoja. Kufungua sitini hakukuwa na muda.

Asmus alifumba macho, akainama, akaanza kunusa.

Kreti moja, nyingine, nyingine. Dagaa hufungwa kwa misumari miwili tu ili wapumue. Kila ufa ulikuwa unatoa pumzi yake chafu. Ya kumi na tisa. Ya thelathini. Alikuwa anatafuta kreti ambayo haikunuka.

Ilikuwa ya arobaini na moja, imegusa ukuta wa ghala.

Ilinukia mbao mbichi. Kifuniko chake kilikuwa na skrubu nane.

"Bwana Dobbs," alisema bila kugeuka. "Niletee siki. Ndoo nzima."

"Siki?"

"Ya kuulia wadudu. Wengine wameshaanza kutambaa."

Dobbs aliondoka haraka kuliko mwili wake ulivyoruhusu.

Asmus alitumia kisu cha mama kama bisibisi. Skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya sita ilikataa. Ncha ya kisu ikakatika ikamchana kidole. Aliingiza vidole chini ya ubao, akauvuta mpaka ukapasuka.

Mikate ya baruti, imefungwa kwa karatasi ya nta yenye tai wa Kaisari. Betri. Saa ya mezani, isiyo na kioo, mshale wake mrefu ukitembea kwa utulivu.

Saa tano na dakika kumi na sita.

Alikata waya wa betri. Akavuta fataki ya kulipulia kutoka kwenye mkate wa kwanza kama mtu anavyovuta mwiba kwenye koo la mtoto.

Dobbs alirudi na ndoo. Asmus alidondosha leso yenye fataki ndani ya siki, akarudisha kifuniko.

"Sasa?" Dobbs aliuliza.

"Hili naondoka nalo kwenda kupimwa. Haya mengine yatupe baharini usiku, mtu asione. Wenyeji na wageni tusivunjiane heshima."

"Nilijua ni sauti ya kaka yangu ikigombana na harufu."

Klaas alikuwa mlangoni. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba, mdomo umevimba, na alikuwa anacheka kwa upande uliobaki. Amekumbatiana mabegani na Mwingereza mfupi mwenye shingo pana. Kichwani mwa Klaas kulikuwa na kofia isiyo yake, yenye utepe mweusi na jina la Penrith kwa herufi za dhahabu.

"Kanilaza raundi ya tatu," Klaas alisema. "Huyu hapa, Alf. Ana mkono kama nyundo ya fundi. Nimempenda sana. Kanipa utepe wake, nampelekea mama. Mbona unatoka jasho?"

"Dagaa."

"Dagaa?" Klaas alicheka. "Mwezi wa si..."

Alitazama kreti. Akatazama skrubu sakafuni na damu kwenye kidole cha kaka yake. Mtoto wa Ellerbek hahitaji kuchorewa picha.

Akamwachia Alf bega, akashika upande wa pili wa kreti.

"Nikusaidie?"

"Taratibu," Asmus alisema.

"Nimebeba torpedo mimi, kaka."

Waliipandisha ngazini pamoja, mtu na mdogo wake. Sitahani Pelham alipiga saluti akiwa na leso puani.

"Watu wamewahi kuanzisha vita kwa jambo dogo kuliko dagaa hawa," alisema, akitania.

"Najua, bwana," Asmus alijibu. "Baadhi yao nawafahamu."

Saa tano na dakika ishirini na nane, kwenye veranda ya klabu ya mashua, Mheshimiwa Egon von Rathlau alikuwa amesukuma sahani yake pembeni. Glasi ya mvinyo mweupe ilikuwa kushoto. Darubini ilikuwa machoni, na ilikuwa inaelekea Penrith.

Asmus, aliyemwachia Klaas kreti gatini, alisimama nyuma ya kiti chake na kusubiri pamoja naye.

Saa tano na nusu.

Bendi ya Penrith ilipiga wimbo wa kuchezea.

Saa tano na dakika thelathini na mbili. Shingo ya Rathlau ilianza kupata rangi.

"Unangoja kitu, Mheshimiwa?"

Rathlau hakushtuka. Watu wa aina hiyo hawashtuki, wamelelewa hivyo. Asmus aliweka saa ya mezani juu ya kitambaa cheupe. Ilikuwa bado inatembea. Ilinuka.

"Simjui mwenye saa hii," Rathlau alisema.

"Kessel anamjua."

"Kessel ataongea mpaka wakili wangu amalize kiamshakinywa." Alipangusa midomo. "Wewe ni nani? Mtoto wa mvuvi, bila shaka. Unafikiri umeokoa kitu. Kaa nikueleze."

Asmus hakukaa.

"Jumatano tumefungua mfereji uliopanuliwa. Manowari zetu kubwa sasa zinapita kutoka bahari hii kwenda ile bila kuzunguka Denmark. Mrusi anajenga reli, atamaliza baada ya miaka mitatu. Mfaransa anaongeza askari. Mwingereza amekalia robo ya dunia na anatuuliza sisi tunataka nini. Tumepewa makombo. Mchanga, vichaka, na Dar es Salaam. Kila tukinyoosha mkono, Morocco, Baghdad, tunapigwa kofi. Itatokea tu. Leo tuko tayari kuliko kesho, basi iwe leo. Fahali wawili hawakai zizi moja."

"Zizi lenyewe la nani?"

"Nini?"

"Nimefika huko kwenye vichaka vyako," Asmus alisema. "Kuna watu wanaishi mle. Zizi ni la kwao. Nyinyi wote ni wezi mnaopigania mlango."

Rathlau alimtazama kama mtu aliyesikia kiti kikiongea.

"Na hawa mia nne?" Asmus aliuliza. "Nusu ya waliokuwa sitahani walikuwa vijana wetu."

"Ndiyo maana watu wangekasirika pande zote mbili."

Alisema hivyo. Kisha akavuta sahani yake, akaendelea kula.

Mkono wa Asmus ulipanda wenyewe kifuani. Ulikuwa karibu sana na kwapa lenye Mauser. Aliutia mfukoni, akaondoka, kwa sababu Tiedemann alikuwa amesema usimguse.

Hata hivyo alikuwa ameshinda. Alinunua mkate na samaki wa chumvi, akaketi ukingoni mwa gati miguu ikining'inia, akala polepole. Penrith ilikuwa pale pale, nzima. Klaas alikuwa hai. Jua lilikuwa kali na mashua za matanga zilikuwa zinakimbia.

Saa nane na nusu bendi zikanyamaza, moja baada ya nyingine.

Bendera zikaanza kushuka nusu mlingoti. Kwanza kwenye mashua ya Kaisari. Kisha kwenye manowari zetu. Kisha, kwa heshima, kwenye zile za Waingereza. Mtu alipita akikimbia akisema mrithi wa kiti cha Austria amepigwa risasi huko Bosnia, yeye na mke wake.

Gari aina ya Benz lilisimama kando ya Asmus. Rathlau aliteremsha kioo.

"Pole na kazi, kijana," alisema. "Unaona? Hata sikuwahitaji dagaa wangu."

Gari likaondoka.

Tuliobaki tunajua kilichofuata, na bado kinatutia kinyaa. Mwezi mzima waheshimiwa waliandikiana barua. Austria ikamtaka Mserbia alambe viatu. Mrusi akasema Mserbia ni ndugu yake. Sisi tukasema Austria ni ndugu yetu. Mfaransa akamkumbuka Mrusi, nasi tukapitia Ubelgiji kwa sababu ilikuwa njiani, na Mwingereza akagundua kwamba anaipenda sana Ubelgiji. Kila mmoja alisema amelazimishwa. Hakuna hata mmoja aliyesema anataka. Na wote walikuwa na ramani mezani tangu zamani, zimeshapakwa rangi.

Kessel aliachiwa mwisho wa Julai, kwa mahitaji ya taifa.

Wiki ya tatu ya Agosti, Tiedemann alimwita Asmus ofisini. Hakutumia lugha ya shangazi.

"Funga mlango," alisema. "Nyambizi ya Klaas haitarudi. Ilikuwa juu ya maji, wanatengeneza mtambo, kwenye ukungu. Manowari ya Kiingereza iliwaona ikawapanda kwa omo. Imewakata katikati. Wote ishirini na watatu."

Asmus alisimama wima.

"Nani kasema?"

"Magazeti ya London. Yamepitia Copenhagen."

"Basi yametaja meli."

Tiedemann aligeukia dirisha.

"Meli gani, Kamanda?"

"Usijilaumu, Asmus. Uliokoa watu mia nne. Ulifanya kilichokuwa sawa."

"Nimekuuliza meli gani."

"Penrith."

Nje, askari wapya walikuwa wanapita wakiimba, maua kwenye midomo ya bunduki. Juu ya meza ya Tiedemann kulikuwa na gazeti la siku ile. Picha ya Rathlau, na nishani kifuani, kwa utumishi uliotukuka.

Asmus alitoa Mauser, akaiweka juu ya ile picha. Akatoa vitambulisho vyote saba, akavipanga kando yake.

"Ukitoka hivyo utapelekwa mstari wa mbele," Tiedemann alisema kwa sauti ndogo.

"Wanajua ninapokaa."

Alifunga mlango bila kuubamiza.

Mama yake alikuwa uani Wellingdorf, anakwangua masizi ya mwaka jana kwenye banda la moshi. Barua ya jeshi ilikuwa imeshafika. Ilikuwa imekunjwa ndani ya aproni, na macho yake yalikuwa makavu na mekundu. Alikuwa amelia peke yake, akamaliza, akachukua kwangulio.

Kwenye komeo la mlango wa banda palikuwa pamefungwa ule utepe mweusi. Aliufunga tangu Juni, kwa ajili ya bahati. Herufi za dhahabu zilikuwa zimeanza kushika moshi.

"Wamesema amegongwa na meli," alisema. "Hawakusema meli gani. Wewe kazini kwenu mnajua kila kitu. Ni meli gani?"

Asmus alitazama utepe. Miaka tisa alikuwa amedanganya kwa mshahara, katika lugha tatu, na hakuna uongo uliowahi kumkwama.

"Haijulikani, mama."

"Haijulikani."

"Ukungu ulikuwa mzito."

Mama aliitikia kwa kichwa. Akanyoosha utepe kwa kidole chake cha kahawia, kama anavyonyoosha kola ya mtoto.

"Nitamwandikia yule Alf, vita ikiisha," alisema. "Waingereza kwa Waingereza wanajuana. Ataniulizia."

Asmus alivua koti, akalitundika mbali na ule mlango. Kisha akatoa mfukoni kisu kisichokuwa na ncha, akamrudishia, akaenda kupasua kuni za Novemba.